Hakuna Aliyemwambia Somoe

Baba yake Somoe alimwambia afeli, naye akafeli.

Ilikuwa asubuhi ya mtihani wa darasa la saba, pale Mtoni. Mzee Mbwana alikuwa uani anapiga mswaki, akamwita binti yake, akatema povu pembeni, akasema, "Leo hesabu usiandike kitu. Ukichaguliwa kwenda sekondari, mie sina habari nawe. Watu wameshaleta posa."

"Hewala, baba," Somoe akajibu. Mtoto mwenye adabu angejibu nini kingine?

Hesabu ndilo somo alilokuwa akilipenda. Alikaa kwenye dawati akiyatazama yale maswali, majibu yanamjia yenyewe, anayameza mojamoja kama vidonge. Karatasi aliirudisha nyeupe. Msimamizi alimshika kipaji cha uso akidhani ana homa. Wala hakuwa peke yake. Wasichana wengi wa miaka ile waliambiwa hivyo na wazazi wao, wengine kwa kubembelezwa, wengine kwa fimbo. Leo wana wajukuu, na ukiwauliza watakuambia tu kwamba walifeli. Kaka yake, Salumu, ambaye hesabu zilikuwa zinamkimbia kama kuku, alilipiwa sekondari ya binafsi. Somoe alipakwa hina, akapelekwa kwa Mwishehe, muuza vipuri vya magari, nyumba ya nne kutoka kwao.

Miaka ikaenda bila mtoto. Maneno ya wifi na mama mkwe aliyasikia yote, ya mbele na ya mgongoni. Hatimaye akapata mimba, ikatulia, na baada ya uchungu wa kutwa kucha akazaliwa Twalib. Alipotoka hakulia. Wauguzi walimpigapiga nyayo, wakamwekea mpira wa hewa puani, na alipolia alilia kidogo, kama mtu anayeomba radhi.

Watoto waliozaliwa mwezi ule wakakaa, wakatambaa, wakaanza kushika kuta. Twalib shingo haikukaza. Alilala kama nguo iliyodondoka kambani. Hospitali wakasema ni mtindio wa ubongo. Mama mkwe akasema kapitiwa na shetani. Mwishehe alisema maneno machache kuliko wote.

"Kwetu hatuna hivi," akasema, na baada ya muda akaoa mke mwingine, kule Tabata. Alikwenda kutafuta watoto wenye shingo. Akawapata watatu, na talaka ya Somoe ikaletwa na shemeji yake, akiwa hata viatu hajavua.

Hapo ndipo alipoingia Leonardi.

Leonardi alikuwa mtu wa Masasi, mpole, mwenye sauti ndogo na mikono mikubwa. Alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia, kazi ambayo watu wa Mtoni waliiita "mazoezi" tu. Kituo chake kilikuwa nyumba ya kupanga karibu na barabara ya Kilwa, ukumbi mmoja na vyumba viwili, na ukutani, kwenye fremu yenye kioo, ilitundikwa leseni yake. Walikuja wazee waliopooza upande mmoja, vijana wa bodaboda waliotoka plasta, na kina mama waliobeba watoto kama Twalib.

Mtu mwenye haki apewe yake: kazi Leonardi aliijua. Alimfundisha Somoe namna ya kumlaza mtoto ubavu ili asikakamae, namna ya kumlisha asipaliwe. Akamchorea kiti cha kona, chenye migongo miwili inayokutana na meza ndogo mbele, akamtuma Keko kwa mafundi wa samani. Fundi aliutazama ule mchoro, akauliza, "Bi mkubwa, hiki kiti cha mtu au cha redio?" Lakini alikitengeneza, na akakipiga msasa mpaka kikawa laini kama ngozi. Siku Twalib alipokalishwa humo, aliwaona watu kwa mbele mara ya kwanza. Kabla ya hapo alikuwa akiona madari na matundu ya pua za watu. Alicheka mpaka mate yakamjaa kifuani.

Twalib alifariki akiwa na miaka minane, msimu wa mvua za masika, kwa ugonjwa wa kifua.

Arobaini ilipopita, Somoe alibeba kile kiti mpaka kituoni, akampa mtoto mwingine. Hakuondoka. Aliona sakafu ina vumbi, akafagia. Kesho yake akarudi akafua mashuka. Leonardi akaanza kumpa chochote mwisho wa wiki. Baada ya muda akawa ndiye anayetandika magodoro, anayepokea watoto, anayewashika mama zao wanapolia. Waliendelea kumwita Mama Twalib, naye aliitika, maana jina lile ndilo pekee lililobaki la mwanawe linalotamkwa kwa sauti.

Watoto walimzoea. Leonardi akaanza kumwachia. Kwanza, "Mnyooshe miguu wakati nakuja." Halafu, "Wewe anza na huyu, mie namaliza na mzee." Mwishowe kina mama walikuwa wanamuulizia yeye. Alikuwa na mikono mizuri, na mwenyewe alijua.

Siku moja wakaja wakaguzi, mwanamume na mwanamke, wametumwa na baraza linalosimamia taaluma hiyo. Leonardi aliwaona dirishani wakishuka garini. Somoe alikuwa amempakata mtoto anamzungusha mabega.

"Mama Twalib," akamwambia kwa haraka, "mpe mama yake huyo mtoto. Shika fagio."

"Nishike nini?"

"Fagio, dada yangu. Upesi."

Akashika. Wakaguzi wakasoma leseni ukutani, wakaangalia vyumba, wakauliza nani anawahudumia wagonjwa. "Peke yangu," Leonardi akasema. "Na huyu?" "Msafishaji wetu."

Yule mwanamke alimgeukia Somoe kwa heshima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Kazi ya usafi nzito?"

"Tumezoea," akasema, na akafagia mahali alipokuwa ameshafagia asubuhi. Mtoto aliyekuwa mapajani mwake alikuwa ukumbini analia, mikono kaielekeza kwake, na mama yake anaona aibu asiyojua imetoka wapi.

Walipoondoka Leonardi alimweleza. Sheria ndivyo ilivyo. Asiye na leseni haruhusiwi kumgusa mgonjwa kwa tiba, na mwenye leseni akimruhusu, ananyang'anywa yake. Somoe alisikiliza, lakini moyoni alisema hayo ni mambo ya watu wa makaratasi. Mtoto anajua karatasi? Mtoto anajua mkono.

Mungu alimjibu kabla mwaka haujaisha.

Alikuwepo mtoto mmoja, Sebastian, mwana wa Marietha muuza maandazi. Miaka sita, hajawahi kusimama hata dakika. Siku hiyo Leonardi alikuwa chumba cha pili, na Somoe alikuwa anamnyoosha mtoto mguu wa kushoto, polepole, kama alivyofanya mara nyingi. Goti likakataa. Akaongeza nguvu kidogo tu. Ndani ya paja kukasikika *kwak*, kama kijiti cha kuwashia moto. Mtoto alinyamaza kwanza. Halafu akapiga kelele ambayo Somoe hakuwahi kuisikia kwa mtoto yeyote, hata wake.

Leonardi alikuja mbio, akagusa mara moja, uso ukamshuka. Walifunga paja kwa vibao na khanga, wakamkimbiza hospitali. Kwa Marietha, Leonardi alisema mifupa ya watoto hawa ni dhaifu, huvunjika hata kwa kugeuzwa kitandani. Kweli alisema, lakini nusu. Marietha akashukuru. Akamshika Somoe mkono na kumwambia, "Mama Twalib, usilie hivyo, si kosa lako."

Jioni, kituo kimefungwa, Somoe aliuliza, "Wewe ulijua kwamba mfupa wake utavunjika?"

"Nilijua unaweza. Mtoto ambaye hasimami, mfupa haubebi uzito, kwa hiyo haukomai. Unakuwa kama muhogo uliooza. Ndiyo maana nilikuambia kwa huyu usilazimishe."

"Hukuniambia."

Leonardi akafikiri. "Labda sikukuambia."

"Na wewe nani alikuambia?"

"Chuoni. Miaka mitatu ya stashahada, mama. Unasoma mifupa yote, misuli yote, mishipa ya fahamu inapopita. Unafanya mazoezi hospitalini chini ya msimamizi. Ndipo unaomba kusajiliwa, unapewa leseni. Wengine wanasoma digrii, miaka minne, na mwaka wa kujifunza kazi juu yake."

Somoe aliitazama mikono yake. Siku zote ilikuwa inapita juu ya ngozi kama mtu anayetembea juu ya paa la nyumba asiyojua ndani wamelala kina nani. Aliona aibu kubwa kuliko ile ya fagio. Fagio alipewa na mtu. Hii ilikuwa yake.

"Mtu mzima kama mie anaweza kwenda huko chuo?"

Leonardi alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Umri haukatazwi. Lakini mpaka uwe na cheti cha fomu foo."

"Nikikipata?"

"Ukikipata, mie mwenyewe nitakupeleka getini."

Hivyo ndivyo alivyosema, na Somoe aliyashika maneno yale kama mtu anavyoshika kamba kisimani.

Kule Keko, juu ya karakana za samani, alikuwa ameshaona bango: masomo ya jioni kwa watu wazima. Mkuu wa kituo aliitwa Mwalimu Ansbert, mtu mnene, mcheshi, suruali imeshikwa na mikanda ya mabegani. Chumba cha darasa kilinuka vanishi. Chini misumeno ilikuwa inalia, na vumbi la mbao lilipanda kwenye nyufa za sakafu likatua juu ya madaftari.

"Mwalimu, mie nataka masomo ya hospitali," Somoe akamwambia.

"Karibu sana, mama. Biolojia ipo. Hospitali inaanzia hapo."

"Na mengine?"

"Hesabu, Kiswahili, Uraia, Historia, Jiografia, Kiingereza. Yanatosha."

Nyuma alikaa kijana mmoja mlinzi, Abdulrahman, mtu wa vijembe. Akadakia, "Mwalimu, na Kemia je? Mie nataka kulipua mabomu."

"Maabara utanijengea wewe?" Mwalimu Ansbert akajibu. "Nikiwasha moto wa Kemia humu juu ya mafundi, si tutaungua wote na makochi ya watu!"

Darasa zima likaangua kicheko. Somoe naye alicheka, akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Aliambiwa ukweli pale pale, siku ya kwanza, mbele ya watu, na alicheka.

Mtu asidhani kusoma ukubwani ni mchezo. Mchana alikuwa kituoni anafua mashuka na kutandika magodoro. Watoto hakuwagusa tena ila mbele ya macho ya Leonardi, kwa kuwashika tu wasianguke. Jioni alikwenda Keko. Kiingereza kilimtesa. Alikuwa anayanong'ona maneno jikoni huku anageuza samaki, mpaka majirani wakasema Mama Twalib kapandisha mashetani. Mwishehe alikutana naye sokoni siku moja, akamwangalia madaftari kwapani.

"Somoe, unatafuta nini wewe umri huu?"

"Natafuta kilichopotea."

"Kilipotea wapi?"

"Muulize baba. Ndiye aliyekula posa yako."

Lakini Biolojia! Biolojia ilimwingia kama maji kwenye mchanga. Aliposoma habari ya mfupa, jinsi ulivyo hai, unavyokula na kujenga na kubomoa, alifunga kitabu akalia kwa ajili ya paja la Sebastian. Wanafunzi wenzake, wengine wa umri wa kuwazaa, walimwita Mama Seli. Abdulrahman alikuwa anamsalimia, "Shikamoo Mama Seli, ubongo wangu leo una seli ngapi hai?" Naye anajibu, "Marahaba, mwanangu. Mbili, na zimegombana." Ilikuwa miaka ya furaha, kama mtu anaweza kuiita hivyo. Mara nyingi alirudi nyumbani na unga wa mbao nyusini, anajiona msichana.

Kila hatua alimwonyesha Leonardi. Alipofaulu mtihani wa kwanza, ule wa kupima kama mtu mzima anastahili kufanya mtihani wa fomu foo, Leonardi alimnunulia kalamu. Alipojiandikisha mtihani wenyewe, akamsomea masomo yake yote mojamoja, jina kwa jina. Leonardi alikuwa anakunja taulo. Akaendelea kulikunja.

"Vizuri sana, Mama Twalib," akasema. "Kaza buti."

Akafaulu. Si kwa alama za kutikisa mji, lakini alifaulu, na Biolojia alipata C. Majirani wa Mtoni walimpigia vigelegele. Salumu, kaka yake msomi, ambaye sekondari ile ya kulipia ilimtema akiwa kidato cha pili, alikuja kula pilau na akalia machozi ya kweli. Mzee Mbwana alikuwa ameshafariki. Somoe alitamani awepo, si kwa kumsuta. Alitaka tu amwone akiandika.

Kwenye duka la vifaa vya kuandikia, kijana wa kompyuta alimjazia maombi ya chuo. Akabonyeza, akabonyeza tena.

"Mfumo unakataa, mama."

"Jaribu tena, baba. Labda mtandao."

"Mtandao upo. Unakataa wenyewe."

Somoe akavaa baibui lake la sikukuu, akaenda chuoni kwa miguu yake. Leonardi alikuwa na wagonjwa wengi siku hiyo, hakuweza kumpeleka getini. Dada wa ofisi ya udahili, mwenye miwani na sauti ya upole, alipokea cheti akakisoma juu mpaka chini, chini mpaka juu, kama mtu anayetafuta funguo.

"Mama, Fizikia yako iko wapi?"

"Fizikia?"

"Na Kemia. Kwa fiziotherapia lazima uwe umefaulu Biolojia, Kemia na Fizikia. Hapa nina Biolojia tu."

"Mie niliambiwa cheti cha fomu foo."

"Ni cheti cha fomu foo, ndiyo, lakini cha sayansi. Nani alikushauri masomo?"

Somoe akakitazama cheti chake. Aliuliza, kama mtoto, "Fizikia ya nini kwenye mazoezi?"

Yule dada hakumcheka, na hilo Somoe alilikumbuka. Alichukua rula mezani, akaiegemeza kwenye kidole, akaibonyeza ncha. "Mguu ni kama hii, mama. Ukisukuma hapa mwisho, uzito unaangukia hapa katikati. Kadiri unavyoshika mbali ndivyo unavyoumia hapa. Hiyo ndiyo Fizikia. Asiyeijua anaweza kumvunja mtu."

Basi. Mpaka rula ilimsema.

Alihangaika. Alikwenda shule moja yenye maabara, wakasema watahiniwa wa nje hawachukui. Ya pili ilikubali kumwandikisha afanye mtihani, ila si kumfundisha. Vipindi vyao ni vya wanafunzi wenye sare. Kemia na Fizikia za vitendo angejifunzia wapi, na macho yameanza kuhitaji miwani? Alikwenda Keko. Mwalimu Ansbert alimsikiliza kwa masikitiko, akamkaribisha soda.

"Ulisema hospitali, mama. Mie nilidhani unataka kuijua tu. Watu wazima wengi wanakuja hapa kwa heshima ya cheti. Hukusema unataka leseni."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza," akakubali. Chini mafundi walikuwa wanapiga misumari.

Aliyebaki ni Leonardi. Alimkuta ukumbini anapangusa magodoro, kazi iliyokuwa yake Somoe. Hakukaa.

"Ulijua?"

"Kuhusu nini?"

"Leonardi. Fizikia."

Hakuwahi kumwita kwa jina. Mwanamume akaweka kitambaa chini.

"Nilijua," akasema. "Mie mwenyewe Fizikia niliirudia."

"Sikuulizi ya kwako. Nilikusomea masomo yangu yote humu ndani. Ulikuwa unakunja taulo."

"Ungevunjika moyo, Mama Twalib. Ulikuwa umefurahi. Toka mwanao afariki sijakuona umefurahi vile. Nikasema, aende hivyo hivyo, kusoma ni kusoma."

"Moyo wangu nani alikukabidhi uutunze?"

Leonardi akajishika kichwa. Kisha, kwa kuwa hakuwa mwongo mzuri, likamtoka la ndani. "Na ungekwenda chuo kweli, miaka mitatu, hapa ningebaki na nani? Watoto wanakutaka wewe."

Somoe akamtazama. Baba yake alimwambia afeli kwa mdomo wake mwenyewe, uani, mchana kweupe. Huyu alimwacha afeli huku anamnunulia kalamu. Kati ya wawili hao alishindwa kujua yupi alimpenda zaidi, na hilo ndilo lililomuuma. Akavua aproni ya kijani, akaikunja vizuri maana ndivyo mikono yake ilivyozoea, akaiweka juu ya godoro.

"Mama Twalib, usiondoke hivi."

"Jina langu Somoe," akasema, akatoka.

Sasa ikaanza taabu nyingine. Kina mama wa Mtoni walisikia kwamba kaacha kazi, wakafurahi. Walidhani atafungua kwake, tena kwa bei ya jirani. Wakaanza kuja na watoto mgongoni, wanaketi barazani na chupa za mafuta ya nazi. Akawakataa. Mmoja, wawili, watano.

"Mie si mtaalamu. Nendeni hospitali."

"Hospitali foleni, Mama Twalib. Wewe si unajua?"

"Sijui. Najua nusu, na nusu ndiyo inayovunja."

Hawakumwelewa. Mtu aliyekuwa akiwapokea watoto wao kwa mikono miwili leo anaikunja kifuani. Mtaani likaenea neno kwamba Somoe anaringa, cheti kimempanda kichwani. "Fomu foo ya uzeeni ina maringo," walisema kwenye foleni ya maji, kwa sauti ya kusikika. Kina dada waliompigia vigelegele ndio hao hao. Alichota maji yake, akaondoka. Angewaeleza nini? Kwamba katika watu wote wa mtaa ule, anayeiheshimu leseni kuliko wote ni yule aliyenyimwa?

Wa mwisho kuja alikuwa Anjelina, binti mdogo wa kutoka kusini, mpangaji wa nyumba ya pili, na mtoto wa kike wa mwaka na nusu anayeitwa Najat, jina la bibi yake mzaa baba. Alikuja mchana, jua kali. Hakubisha hodi sana. Alikaa tu barazani, mtoto kalegea begani, kichwa kimeangukia nyuma.

Somoe alitoka, akaiona ile shingo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, kama umekuja kwa ajili ya..."

"Najua. Wameniambia utanikataa. Nimekuja hivyo hivyo." Binti alikuwa na macho makavu, ya mtu aliyemaliza kulia siku nyingi. "Baba yake kasema kwao hawana hivi."

Somoe akakaa. Mtoto alinyoosha vidole, akakamata pindo la khanga yake, akavuta. Mikono ya Somoe iliinuka yenyewe kutoka mapajani. Ilijua pa kwenda: mmoja nyuma ya kisogo, mmoja chini ya kifua, ili kichwa kije mbele mtoto aone watu. Ikafika nusu ya njia. Akairudisha, akaikalia, kweli akaikalia, kama mtoto aliyekatazwa kugusa chakula cha wageni.

"Mama gani wewe?" Anjelina akasema, sauti ikapasuka. "Mtoto anakuomba!"

"Namuona."

"Basi mshike tu! Nani atakuona hapa?"

"Mie nitajiona." Akasimama, akavuta mtandio wake mlangoni. "Inuka. Nakupeleka hospitali. Foleni nitakaa mie, wewe utapumzika."

Wakaenda. Foleni ilikuwa ndefu kweli, kina mama wa Temeke yote, na Somoe alishika nafasi, akagombana na mmoja aliyejipenyeza, akamtafutia Anjelina maji na andazi. Alimweleza maswali ya kuuliza, na asikubali kuondoka bila kufundishwa namna ya kulisha. Watu waliokuwa karibu walianza kumsikiliza, mpaka mmoja akauliza kama yeye ni muuguzi. Akasema hapana.

Mwishowe mlango ulifunguliwa. Akatokea msichana wa miaka ishirini na kitu, koti jeupe, kitambulisho kifuani, uso bado wa shule. Akaita jina la mtoto, na wote wawili wakasimama. Nyuma ya mlango Somoe aliona godoro la bluu, mpira mkubwa wa mazoezi, na mchoro wa mwili wa binadamu ukutani, misuli yote myekundu imeandikwa majina. Alitambua machache, yale ya kwenye Biolojia.

"Samahani, mama, shikamoo," msichana akamwambia. "Chumba kidogo, anaingia mzazi tu. Wewe ni nani wa mtoto?"

Somoe alifungua mdomo. Anjelina alimwangalia, akingoja.

"Jirani," akasema.

"Basi utusubirie hapo kwenye benchi, mama yangu. Hatuchelewi."

Mlango ukafungwa. Somoe akakaa. Akasikia mtoto anaanza kulia ndani, kilio cha kwanza cha mikono mipya, akasikia sauti ya yule msichana, changa lakini haina haraka, ikisema, "Polepole, mama. Kwanza mshike kisogo. Hapo. Usilazimishe, tutamngoja mpaka akubali mwenyewe."

Kilio kikapungua. Pembeni yake benchini, mwanamke aliyekuwa na mtoto mwingine alisogea akamuuliza kama huyo dokta wa ndani anajua kazi.

"Anajua," Somoe akasema. Akainamisha uso ndani ya mtandio, na mabega yake yakaanza kutikisika. Yule mwanamke alimwekea mkono mgongoni.